Samaki Aliyeumbua Wakwe

Walubengo alikuwa amepika kila samaki aliyewahi kufika Eldoret, na hao si wengi. Kulikuwa na ngege na kamongo wa Kisumu, ambao harufu yao ilifika stesheni kabla ya treni. Kulikuwa na wale wadogo wenye madoa ambao wazungu waliwavua kwenye mito ya juu, wamevaa mabuti ya mpira mpaka mapajani kana kwamba samaki wa kiganja kimoja angewazamisha. Na kila msimu wa mbio za farasi, memsahib, mwenye hoteli ambamo Walubengo alipika, aliagiza sanduku kutoka Mombasa, samaki wa bahari wamelazwa kwenye barafu na maranda ya mbao.

Sanduku la mwaka ule wa 1934 lilikuwa na nguru wazuri juu. Chini kabisa, mahali mchuuzi anapoficha kile ambacho hataki kiulizwe, kulikuwa na mwingine.

Alikuwa mrefu kupita mkono wa mtu mzima, mwembamba, wa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, kama sufuria ambayo haijasuguliwa tangu inunuliwe. Ngozi yake ilijaa vimiiba vya mfupa. Walubengo alipopitisha kiganja kuelekea kichwani, ilimkwaruza kama tupa ya fundi. Karibu na mkia kulikuwa na vipezi viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini, vilivyokaa peke yao kama vitu vilivyosahauliwa. Kinywa kilikuwa kipana, na meno machache marefu yamesimama mbalimbali, kila jino na shughuli yake. Lakini hayo yote si kitu mbele ya macho. Yalikuwa makubwa kuliko kichwa kilivyostahili, mviringo kabisa, na ingawa samaki alikuwa amekufa siku nyingi, ndani yake bado mlikuwa na kijani kilichong'aa kila taa iliposogezwa.

Memsahib aliinama, akatazama, akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la vyombo.

“Toa! Hii hapana samaki. Hii shaitan. Tupa mbali.”

“Ndiyo, memsahib,” alisema Walubengo, na hakuwa na nia hata kidogo ya kumtupa.

Mtu aliyekulia kwenye njaa hatupi nyama kwa sababu ya sura. Ingekuwa hivyo, nani angekula kamongo, ambaye mama yake mwenyewe angemkana? Walubengo alimpasua yule samaki nyuma ya jiko, na alipoona ndani alisahau nje. Nyama ilikuwa nyeupe kama maziwa, laini, na mafuta yalikuwa yakitiririka kwenye kisu bila hata moto. Alisimama akiyatazama yakidondoka, na moyo wake ukafurahi, kwa kuwa Jumapili ile wakwe walikuwa wanakuja.

Ni lazima ieleweke wakwe hao walikuwa akina nani. Mzee Murunga alikuwa mkamuaji mkuu wa ng'ombe katika shamba la mzungu huko Kiplombe, mtu wa misheni, mrefu, mwenye kikohozi cha kujitangaza. Binti yake aliitwa Nanyama, na Walubengo alimpenda kiasi kwamba alipomfikiria alitia chumvi mara mbili. Mambo ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa na wazee wa pande zote. Lililobaki lilikuwa moja: wazazi wa Nanyama waje nyumbani kwake Lokesheni, mtaa wa Waafrika, wale, waone. Mzee Murunga hakuwa ameficha wasiwasi wake. “Mwanaume anayepikia watu wengine,” alisema mbele ya kanisa zima, “kwake watu watakula nini?” Wakila wakaridhika, Nanyama angekuwa mke wake kabla ya mahindi kuvunwa. Wasiporidhika, kulikuwa na dereva wa lori kule Burnt Forest aliyekuwa akingoja nafasi.

Kwao Wabukusu, mgeni hupimiwa heshima kwa mafuta. Kuku mkavu ni salamu, kuku mnono ni mapenzi. Sasa hebu fikiria mtu aliyepewa samaki mzima wa mafuta matupu, bure, siku mbili kabla ya wakwe kufika. Walubengo hakuona shetani yeyote hapo. Aliona mkono wa Mungu. Alifunga vipande vyake kwenye gunia pamoja na barafu iliyobaki, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumapili wageni walifika moja kwa moja kutoka kanisani. Mama Tryphosa, mama yake Walubengo, aliwapokea mlangoni, naye dada yake Nasike akabeba chakula. Mama mkwe, Mama Selpha, aliketi nyuma ya shuka iliyotundikwa katikati ya chumba. Kwa desturi yao mama mkwe na mkwe wake wa kiume hukimbiana. Hawapeani mkono, hawatazamani, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani hata kama kuna siafu. Mkwe asimwone mama mkwe katika hali yoyote ya aibu, wala yeye asimwone mkwe katika yake, maana aibu kati ya wawili hao haina dawa. Kwa desturi kamili Mama Selpha asingekanyaga nyumba ile kabisa. Lakini wao walikuwa watu wa misheni, desturi walikuwa wameiacha nusu, na shuka ndiyo iliyokuwa ile nusu nyingine.

Samaki alikuwa amekaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Mengine yakafanywa mchuzi wa nyanya na vitunguu, na yaliyobaki Walubengo aliyamimina juu ya ugali kama mtu asiyejua kesho.

Mzee Murunga alionja. Alisimamisha taya. Akaonja tena.

“Nasike,” alisema polepole, “huyu samaki ametoka wapi?”

“Mombasa, Mzee. Kwa bahari.”

“Kumbe bahari iko na ng'ombe.”

Hakusema tena mpaka mafuta yalipomfika kwenye viwiko. Nyuma ya shuka sahani ilitoka tupu ikarudi imejaa, ikatoka tupu tena, na sauti ya Mama Selpha ikanong'ona kwamba kama kuna mchuzi uliobaki chini ya sufuria usimwagwe. Walubengo, aliyekuwa akila jikoni kwa heshima, alisikia hayo akajipakulia tena kwa furaha. Mzee Murunga alipomaliza alikohoa kile kikohozi chake, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani:

“Mimi nilisema mpishi hawezi oa msichana yangu. Hiyo maneno leo nimerudisha.”

Hapo ndipo hadithi ingeisha, kama samaki angekuwa samaki wa watu.

Walikuwa wakingoja chai. Nyuma ya shuka mazungumzo yalikatika ghafla. Nasike aliitwa, akaingia, akatoka mbio kuchukua leso, akarudi nayo. Kisha Mama Selpha akasema kwamba mvua itanyesha, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe pe, na kwamba wanaondoka sasa hivi. Hakungoja chai. Hakungoja maombi. Alitokea mlangoni amejifunga leso kiunoni juu ya gauni lake la Jumapili, uso umetazama chini, akaenda kwa hatua fupi za haraka, na mumewe akamfuata akiuliza kuna nini.

Walubengo alibaki mlangoni na birika mkononi. Dada yake alikuwa amebeba kiti cha nyuma ya shuka, akikipeleka uani kukiosha, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba kimechafuka vumbi.

Jioni ile, alipokuwa akisugua sufuria, jambo likampata Walubengo mwenyewe.

Tulieleze kwa adabu. Halikuwa na maumivu, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo. Tumbo halikusokota, halikunguruma, halikutoa onyo lolote. Mtu yuko wima, anafanya kazi zake, anamshukuru Mungu, anashtukia tu kwamba nyuma kumelowa. Alipochungulia aliona mafuta. Mafuta hasa, ya rangi ya chungwa, kama mawese, yaliyotoka kwa hiari yao bila kuomba ruhusa kwa mwenye mwili. Aliivua kanzu yake, akaikunja na kuisukuma chini ya kitanda, akalala chali akiogopa hata kukohoa. Asubuhi alivaa kanzu yake ya pili akaenda kazini, na kabla wazungu hawajamaliza uji, ya pili nayo ilikuwa imekwenda njia ya ile ya kwanza. Alijifunga aproni mbele na nyingine nyuma. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Aliamini kuna kitu kimekatika ndani yake na kwamba anakufa pole pole, kwa njia ambayo hata mazishini haitasemwa.

Saa za kuosha vyombo Nanyama alitokea mlango wa nyuma wa jikoni, ametembea kutoka Kiplombe, macho mekundu.

“Mama amesema hapana,” alisema.

“Hapana nini?”

“Harusi. Amesema haiko. Nimemuuliza kwa nini, amefunga mlango ya jikoni na hatoki. Amelala huko na kuku. Nimembembeleza, hasemi. Anasema tu, ‘Hiyo nyumba siwezi kanyaga tena, na huyo kijana siwezi onana naye tena mpaka nikufe.’”

“Na Mzee?”

“Baba pia ni kama hayuko sawa. Ameamka mapema, amejifunga blanketi, ameenda town bila chai. Walubengo, mliwafanyia nini?”

“Tuliwapatia chakula.”

“Chakula gani?”

“Nzuri! Baba yako alisifu!”

Nanyama alifuta pua kwa upande wa kiganja. Alikuwa hajala chakula kile, maana bibi arusi hubaki nyumbani, kwa hiyo hakujua la kudhani. Walubengo alitaka kumsogelea, akakumbuka hali ya aproni yake ya nyuma, akabaki ameegemea ukuta. Nanyama akaona kwamba mwanamume hata hasogei kumfariji. Akageuka, akaenda zake.

Kwa Wabukusu, mama akisema hapana, baba anaweza kusema ndiyo mpaka sauti ikauke. Walubengo alilijua hilo. Aliingia stoo ya viazi akalia kidogo, kwa heshima, akiwa amesimama.

Alipopata ruhusa ya mchana, alikwenda kwa fundi cherehani. Si kwamba alikuwa na mpango wowote. Ni kwamba mtu hata akivunjika moyo, jioni lazima avae kanzu.

Fundi Athumani alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Muhindi, na pazia la kupimia nguo nyuma yake. Alikuwa mtu wa Vanga, pwani ya kusini kabisa, na hakumruhusu mtu yeyote Eldoret kulisahau jambo hilo. Kwake yeye chai ya bara ilikuwa maji, mkate wa bara tofali, na baridi ya bara adhabu aliyopewa kwa makosa ya mtu mwingine.

“Fundi, naomba kanzu nyeusi,” alisema Walubengo.

“Nyeusi ya msiba, au nyeusi ya mafuta?”

Walubengo aligeuka upesi akauelekeza mgongo ukutani. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, na kikohozi kile alikijua.

“Leo ni siku yangu,” Athumani aliendelea, akikanyaga cherehani kwa raha. “Asubuhi amenijia mzee kajitanda blanketi, suruali kaifunga kwenye gunia kama nyama ya wizi. Nikaifungua, nikaitazama, nikainusa…”

“Fundi!” ilisema sauti ya pazia.

“…nikajiambia, Athumani, mafuta haya wayajua. Lakini yamefikaje milimani huku, ambako hata dagaa ni mgeni wa heshima? Toka, mzee, toka. Mwenzio huyu hapa, kajibandika ukutani kama mjusi.”

Pazia lilifunguka kidogo, na uso wa Mzee Murunga ukatokea, wa mtu aliyeishiwa na kila kitu. Alimwona Walubengo. Walubengo alimwona.

“Wewe pia?” aliuliza Mzee Murunga.

“Tangu jana jioni, Mzee.”

“Mlikula samaki,” alisema Athumani. “Rangi gani?”

“Kahawia. Karibu nyeusi.”

“Ngozi?”

“Kama tupa.”

“Na macho makubwa, ukiyasogezea taa yanakurudishia kijani?”

“Hayo hayo!”

Athumani aliacha cherehani, akajipiga paja, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Wale wawili walimngoja. Hakuna jambo linalochosha kama kungoja mtu acheke jambo ambalo wewe unadhani linakuua.

“Hakuna afaye,” alisema hatimaye, akijifuta machozi. “Kesho au keshokutwa yatakwisha yenyewe. Kunyweni maji. Samaki huyo hata kwetu mtu akifunga choo hupewa kipande, kidogo hiki, na huambiwa asiende mbali. Nyinyi mlikula kiasi gani?”

“Mzima,” alisema Walubengo kwa sauti ndogo.

“Mzima! Na mchuzi?”

“Mchuzi nilikunywa na bakuli,” alisema Mzee Murunga.

Athumani alishika kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi na hapendi kazi nusu, aliwaeleza.

“Bahari si huu mto wenu wa Sosiani, mtu aona mawe chini na ng'ombe kasimama katikati. Ukitoka pwani maji ni kijani, ukienda mbele yawa buluu, na pale kati yetu na Pemba yawa meusi. Hapo kamba yashuka mpaka mkono wachoka, waunga nyingine, yashuka, waunga nyingine. Huko chini jua halifiki hata saa sita ya mchana. Hakuna majani, hakuna miamba ya rangi, ni baridi kushinda asubuhi yenu ya Julai. Huko ndiko akaako. Ndiyo maana macho yale. Kila kijimwanga kinachopotea njia kikafika kule, yeye akidake. Usiku usio na mwezi hupanda kidogo kuwinda ngisi, na hapo ndipo ndoana ya mjomba wangu ilipokutana naye.”

“Na mafuta?” aliuliza Walubengo.

“Mafuta ndiyo yamwinuayo. Samaki mwingine ana kibofu cha hewa tumboni. Huyu kajijaza mafuta mwili mzima, nyama, ngozi, hata mifupa, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwake yeye ni dawa ya kutozama. Lakini si mafuta kama ya ng'ombe. Ni kama nta. Tumbo la mtu layatazama, halijui la kuyafanya, layafungulia mlango yapite. Yalivyoingia ndivyo yatokavyo. Huna ugonjwa, mzee. Wewe umekuwa njia tu.”

“Na jina lake?”

“Kila kijiji kina jina lake, na mengi hayatamkiki mbele ya wakwe.”

Walubengo alihisi mwili wote ukilegea, kuanzia kisogo mpaka magoti, isipokuwa pale alipoona ni busara kuendelea kukaza. Hafi! Hakuna kilichokatika! Alitaka kumkumbatia Athumani, cherehani na yote. Mzee Murunga naye alikuwa ameketi kwenye kibao, blanketi limemdondoka mabegani, akipumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

“Kwa hivyo sikuwekewa kitu,” alisema.

“Na nani, Mzee?” aliuliza Walubengo. “Ulifikiri mimi nilikutilia sumu?”

“Nilifikiri mambo mengi. Mtu akikaa choo usiku mzima anafikiri.” Akakohoa. “Nisamehe, kijana.”

Kitu kilikuwa kinamjia taratibu.

“Mama Selpha alikula kushinda mimi,” alisema.

Walitazamana. Walubengo aliikumbuka leso, zile hatua fupi za haraka, na kiti kilichochafuka vumbi siku ambayo hakukuwa na vumbi.

“Yeye amelala jikoni,” Mzee Murunga alisema, “mimi nikadhani amenikasirikia. Nami nikashukuru, sababu sikutaka akuwe karibu. Miaka hii yote kwa ndoa, na kila mtu amebeba yake na amenyamaza!”

Sasa waliijua sababu, na ilikuwa mbaya kuliko kutokuijua. Mama mkwe alikuwa ameaibika ndani ya nyumba ya mkwe wake, juu ya kiti cha mkwe wake. Ndiyo maana alisema hawezi kuonana naye tena mpaka afe. Na nani angeweza kwenda kumwambia, “Tunajua, usijali”? Akisikia kwamba mkwe anajua, angehamia Uganda.

“Usimwambie kwamba unajua yake,” alisema Athumani, akipitisha uzi kwenye sindano. “Mwambie yako.”

“Yangu? Mimi nimwambie mama mkwe…?”

“Mficha uchi hazai, kijana. Shauri lako.”

Walubengo alitazama barabara. Alimfikiria Nanyama akirudi peke yake Kiplombe na macho yale mekundu, na dereva wa lori akinyoosha tai. Akamwambia Mzee Murunga twende.

Walipita Lokesheni kwanza, na Walubengo akawauliza mama yake na dada yake bila kuzungukazunguka. Mama Tryphosa alimtazama kijana wake, akamtazama Mzee Murunga, akajifunika uso kwa leso na mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Gauni lake lilikuwa ndani ya pipa la maji tangu jana. La Nasike lilikuwa chini ya kuni. Nyumba nzima ilikuwa imelala na siri moja, kila mtu akidhani ni yake peke yake.

Njia ya Kiplombe wakwe wale wawili waliiendea kwa adabu kubwa, bila kuruka mitaro.

Nanyama alikuwa uani akikamua nguo. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa, moshi ukitoka juu ya paa la nyasi. Mzee Murunga alisimama kando akatazama mbali, kwa maana yeye alikuwa amekwisha kusema wazi njiani kwamba mtu wa umri wake hataji mambo hayo kwa mdomo wake. Walubengo aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akageuza mgongo kwa ule mlango kama desturi inavyotaka. Akaanza kumwambia Nanyama, kwa sauti ambayo ilimpita Nanyama mbali sana.

“Nanyama, nataka nikuambie maneno ya ile samaki.”

“Samaki gani?”

“Ile nilipika jana. Iko samaki anakaa chini kabisa ya bahari, mahali jua haifiki. Giza tupu, na baridi. Macho yake ni kubwa sababu anatafuta mwanga. Na mwili yake yote ni mafuta, ndiyo asizame. Hiyo mafuta mtu hawezi shika ndani. Hata akuwe mfalme, itapita. Haina uchungu, haikuambii inakuja. Mimi sikujua. Nilipika, nikakula.” Alimeza mate. “Na tangu jana, Nanyama, mimi mwanaume mzima, nimeharibu kanzu mbili na aproni moja.”

Nanyama aliweka mkono mdomoni.

Mlango wa jiko haukusogea. Walubengo aliona jua la jioni juu ya mahindi ya mzungu, akaona maisha yake yote ya mbele bila Nanyama, akifikiri kwamba sasa amepoteza vyote, mke na heshima pia, na kwamba Eldoret ni mji mdogo.

Mzee Murunga alikohoa. Akakohoa tena, vizuri zaidi.

“Suruali yangu ya kanisa,” alisema, akiwaambia mahindi. “Fundi amesema hata ikioshwa, hiyo mafuta haitoki.”

Kitu kilianguka ndani ya jiko, kama sufuria au kifuniko. Kisha ikasikika sauti ambayo Walubengo hakuwa amewahi kuisikia. Ilianza chini kama mtu anayejizuia kupiga chafya, ikapanda, ikakatika, ikarudi na nguvu, mpaka ikawa kicheko cha mwanamke aliyekaa siku nzima gizani na kuku akidhani ameiaibisha dunia. Alicheka na kulia pamoja. Walubengo akiwa bado amegeuza mgongo alihisi machozi yake mwenyewe yakimtoka, wala hakuyafuta.

“Walubengo,” ilisema sauti kutoka ndani. Hakuwa amewahi kumwita jina lake. “Ni kweli na wewe pia?”

“Na mimi pia, Mama. Na mama yangu. Na Nasike.”

“Hata Tryphosa? Na vile anatembea kwa maringo!”

“Hata yeye, Mama. Ameficha gauni kwa pipa.”

Kicheko kilirudi. Komeo likasogezwa, mlango ukafunguka, na Mama Selpha akasimama hapo na majivu usoni, akimtazama mkwe wake waziwazi mbele ya mumewe na mbele ya Mungu.

“Geuka,” alisema. “Tulikuwa tunakimbiana ndiyo tusione aibu. Sasa tumeona yote, imebaki nini? Ingia ukunywe chai.”

Walubengo aliinuka kutoka kwenye gogo. Kwa siri, mkono mmoja nyuma, alijipapasa, akakuta pakavu. Akaingia.